Unga Mpya Katika Mkebe wa Zamani

Nilishuka garimoshi Kibwezi alfajiri, nikiwa na sanduku la mbao, blanketi moja, na barua iliyosema kwamba Mzee Salim wa Tseikuru anahitaji karani anayesoma Kiingereza na asiyekunywa pombe. Barua haikusema Tseikuru iko wapi. Niliwauliza watu pale stesheni, na kila mmoja alininyooshea kidole kaskazini, kwa namna ya mtu anayetaka uondoke mbele yake.

Kutoka Kibwezi nilitembea. Nilivuka mto Athi maji yakinifika kiunoni, nimeshika mkia wa punda wa watu niliokutana nao njiani. Hawakuniambia majina yao, nami sikuwaambia langu. Nilipita Ikutha, nikapita Mutomo, nikalala kwenye vibaraza vya maduka ambayo wenyewe walipiga makomeo mawili waliponiona. Kila nilipouliza Tseikuru ni mbali kiasi gani, niliambiwa karibu tu. Kitui mjini niliambiwa karibu tu. Mwingi, baada ya lori la chumvi kunitikisa nusu siku, niliambiwa tena karibu tu, na kutoka hapo nikatembea siku nyingine tatu nyuma ya ngamia wa wachuuzi Waislamu waliokuwa wakirudi kwao na sukari. Siku ya kumi na mbili nikafika. Tangu hapo siliamini neno "karibu" likitoka kwa mtu aliyekaa.

Mimi ni Mtaita. Nilisoma shule ya misheni mpaka madarasa ya juu, kisha nikahesabu magunia bandarini, nikapima mkonge Voi, nikaandika majina ya vibarua mahali ambapo sasa hata mimi nimepasahau. Kote huko niliondoka kabla soli za viatu hazijaisha. Tseikuru nilikaa karibu miaka yote ya 1930, na hilo bado linanishangaza. Kilonzo, aliyeshika kaunta baada yangu, ameniomba niwaandikie yeye na makarani wenzake jinsi kazi ilivyokuwa. Mshahara sitautaja. Haukuwa siri, ulikuwa aibu.

Mzee Salim alikuwa wa ukoo uliotoka pwani zamani za misafara, ukazaliana Kitui, na hatimaye ukafungua maduka mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyetaka kuyafungua. Alikuwa mfupi, mwenye macho ya kupepesa, na alikipokea kila kitu kana kwamba kimeibwa. Siku ya kwanza alinipa mkebe kutoka rafuni.

"Kuna nini ndani?"

Nikasoma maandishi. "Biskuti, Mzee. Za maziwa."

"Nimekuuliza ndani. Wewe umenisomea nje."

Nikaufungua. Mlikuwa na vifungo vya shati.

"Basi," akasema, "umeanza kazi. Usimwambie mteja jambo usilolijua. Na usidhani unalijua kwa sababu limeandikwa."

Lilikuwa funzo zuri. Lakini tazameni kasoro yake, maana mimi sikuiona kwa miaka miwili: nusu ya mikebe ya duka lile ilidanganya, na tulioidanganyisha ni sisi wenyewe. Mkebe wenye kifuniko kinachobana vizuri ulikuwa mali. Mchwa hawauingii, unyevu hauuingii. Mzigo ukija, tulimimina bidhaa mpya katika mkebe wa zamani tuliouzoea, na ule mpya tukauuza mtupu siku ileile, kwa sababu kina mama waliugombania wapimie mtama.

Alinifundisha mengi ya kutilia shaka. Kitambaa cha amerikani kikija kizito, sugua pembe moja na maji. Kama kinalegea kama kamasi, uzito ule ulikuwa uji wa wanga. Blanketi linaloitwa la sufu, chomoa uzi mmoja uuchome: sufu hunuka nywele, pamba hunuka karatasi. Chumvi ionje. Shoka ligonge, usikilize. Na kila msafiri wa kampuni anayekuja na lori na tabasamu, mpe chai kwanza umtazame akinywa, kwa maana mtu anayeharakisha chai ana kitu chini ya turubai.

Msafiri wetu alikuwa Bwana Pinto, Mgoa, mwajiriwa wa kampuni moja ya jumla ya Nairobi. Alikuja mara moja kila wiki tatu, barabara ikikubali. Alikunywa chai polepole sana, na Mzee Salim akamshuku zaidi kwa hilo.

Bidhaa iliyoniletea kisa ninachotaka kuwaeleza ilikuwa unga wa dawa ya kupe. Ulikuja katika mikebe mikubwa yenye picha ya ng'ombe wa nundu. Tseikuru watu ni wa mifugo, na kupe wa huko hawana adabu. Hakuna mtu aliyeweza kununua mkebe mzima. Tuliuza kwa kijiko, tukakifunga katika kipande cha gazeti, nikasema maneno yaleyale: kijiko kimoja, debe moja la maji, osha mbuzi, usimwache ajirambe, nawa mikono. Mteja alienda na unga. Maandishi yalibaki rafuni na mimi.

Ukaja mwaka wa jua kali. Bwana Pinto akaleta mikebe minne ya ng'ombe wa nundu, miwili ya kwetu, miwili ya Nuu kwa Bi Zena, binamu yake Mzee Salim. Ilikuwa siku ya soko, duka limejaa. Nikafungua mkebe, nikaumimina katika ule wa zamani, na kabla vumbi halijatulia mwanamke mmoja alikuwa ameshaununua ule mtupu na kwenda nao. Wa pili vilevile, kwa sababu wa zamani ulikuwa mkubwa wa kumeza yote miwili.

Siku chache baadaye Mwaitu Syombua alikuja dukani. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Ndivyo tulivyomwita, ingawa hakunizidi kwa miaka mingi. Alikuwa mjane, mwenye ulimi kama wembe. Alikuja amebeba ngozi mbichi ya mbuzi begani, akaitupa juu ya kaunta, juu ya khanga nilizokuwa nimezipanga.

"Kalani, hii ni ya kwako. Nyama tumetupa, hata mbwa tumemnyima."

"Kumetokea nini, Mwaitu?"

"Saba! Nimeosha mbuzi kumi na mbili, saba imekufa. Imetetemeka, imelala, imekufa. Umenipea nini?"

"Dawa ya kupe. Ileile ya siku zote."

"Ileile? Apa."

Watu waliokuwa dukani wakageuka. Sikuapa. Nikauliza, "Uliweka maji kiasi gani?"

"Debe moja. Kijiko moja. Si ni wewe unaimba hivyo kila siku?"

Mbuzi wale hawakuwa mbuzi tu. Mwanawe, Musyoka, alikuwa amechumbia, na baba wa msichana alikuwa ametaja mvua zijazo kuwa mwisho wa kungoja. Kulikuwa na mtu mwingine kule Nuu aliyekuwa na mbuzi tayari. Wale kumi na wawili walikuwa mahari. Watano hawatoshi kumwoa mtu.

Mzee Salim alitoka nyuma ya duka mikono yake imejaa vumbi la kijivu. "Duka langu haliuzi sumu," akasema.

"Kumbe linauza nini?" Syombua akajibu, akatoka na kuiacha ngozi.

Nitasema ukweli kuhusu siku zile, kwa kuwa Mzee Salim hayupo tena kuaibika. Nilimshuku. Mara mbili nilikuwa nimemwona nyuma ya duka na chekeche, mbele yake kuna unga wa kijivu, na nikajiuliza kama anachanganya majivu ili vijiko viongezeke. Naye alinishuku mimi. Usiku ule nilipouchunguza mkebe nilikuta ndani ya ukingo alama ndogo za msumari, moja chini ya nyingine. Alikuwa akipima unga unashuka kiasi gani, aone kama naiba. Tulikula wali pamoja jioni ile, na kila mmoja alimwachia mwenzake atangulie kutia mkono sahaniani.

Siku ya tatu wazee wa baraza walikuja. Msemaji wao alikuwa Munyoki, mtu mrefu mwenye kikohozi, aliyependa kucheka pasipo na cha kuchekesha.

"Salim," akasema, "tumekaa na wewe vizuri. Umetuuzia shuka ikararuka, tukasema ni miiba. Umetuuzia taa ikavuja, tukasema ni barabara. Sasa mbuzi imekufa. Tuseme ni nini?"

"Semeni mnavyotaka. Mimi nauza nilicholetewa."

"Ndio hiyo. Wote waliogusa mkebe watasimama mbele ya kithitu. Wewe, na kalani, na yule wa lori akikuja. Mtasema dawa ni ileile, haijabadilishwa. Mkisema hivyo, mama atanyamaza. Mkikataa, funga mlango, rudi kwa watu yako."

Kithitu ni kiapo cha Wakamba. Chombo chenyewe huletwa kimefunikwa. Anayeapa uongo juu yake hafi siku hiyo. Hufa baadaye, na husemwa kwamba wa nyumbani kwake humtangulia. Mimi ni Mkristo, lakini nilikuwa na mama Taita.

Mzee Salim alipinga kwamba yeye ni Mwislamu. Munyoki akacheka, akakohoa. "Tumeuliza dini ya nani? Tumeuliza mkebe." Lori lilikuwa limebakiza siku tisa.

Usiku sikulala. Haikuwa hofu ya kufa hasa. Nilijaribu maneno yenyewe mdomoni: dawa ni ileile, haijabadilishwa. Nikaona siwezi kuyatamka. Si kwa kuwa nilijua ni uongo. Sikujua lolote! Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta ile miaka miwili nikiwaambia watu mkebe upi una nini, na sikuwa na uwezo wa kuapa juu ya kijiko kimoja. Mkebe wa rafuni ulisema kitu, lakini unga uliokuwa ndani haukuja na mkebe ule. Mikebe yake ilikuwa imeshauzwa, imesuguliwa kwa mchanga, na hakuna mwanamke aliyekubali kwamba ndiye aliyeinunua.

Ndipo nikakumbuka miwili ya Nuu.

Nilimwambia Mzee Salim ninakwenda. Najua aliwaza kwamba ninatoroka, kwa sababu aliniambia niache sanduku langu. Nililiacha. Nilichukua kibuyu cha maji na njugu, nikashika njia, na nakiri miguu ilifurahi kidogo.

Nilifika Nuu siku ya tatu. Bi Zena alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyeuza huku ameketi.

"Karani wa Salim! Amekufukuza?"

"Bado. Nimekuja kusoma mkebe, Bi Zena."

"Umetembea siku tatu kuja kusoma mkebe? Huko Tseikuru hamna vitabu?"

Mikebe yote miwili ilikuwa haijafunguliwa. Alikuwa hajamaliza wa zamani. Nikautoa mmoja mpaka mlangoni penye mwanga. Ng'ombe yuleyule, nundu ileile, rangi ileile. Maandishi ya juu yaleyale. Chini kabisa, kati ya kwato za ng'ombe, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza ambao haukuwapo katika mkebe wa zamani. Ulisema unga huu una nguvu maradufu, tumia nusu ya kipimo cha awali.

Nikakaa chini kizingitini.

"Imeandikwa nini?" Bi Zena akauliza, na mara hii hakucheka.

"Imeandikwa kwamba mimi ndiye niliyewaua."

Akaniletea maji. Kisha akasema jambo ambalo nililichukua kama mzaha: "Na aliyeandika kadogo hivyo, alikuwa anamficha nani?"

Nilirudi na mkebe mmoja umefungwa kwa kamba mgongoni. Njia nzima nilikuwa na muda wa kuutupa. Kulikuwa na makorongo mengi. Ningeweza kuapa tu, maana unga ulikuwa wa kampuni ileile na ng'ombe yuleyule, na nani Tseikuru angeusoma mstari ule? Niliwaza hivyo zaidi ya mara moja, nawaambia msije mkadhani nilikuwa mtakatifu.

Lori lilifika siku mbili baada yangu. Bwana Pinto alishuka na tabasamu lake, akaona watu wamejaa mbele ya duka, akadhani wamekuja kununua. Alipoelezwa, alicheka. Alipoona kitu kilichofunikwa kimewekwa peke yake mchangani, na jinsi watu walivyokaa mbali nacho, hakucheka tena.

Wakanitaka niwe wa kwanza, kwa kuwa mkono wangu ndio uliochota. Mzee Salim hakunitazama.

"Sitaapa," nikasema.

Watu wakaguna. Musyoka, mwana wa Syombua, akasimama, na wazee wakamwambia akae.

"Sitaapa kwamba dawa ni ileile, kwa sababu si ileile. Imeongezwa nguvu. Imeandikwa hapa." Nikauweka mkebe mbele yao. "Mimi nasoma Kiingereza. Ndiyo kazi niliyoitiwa. Sikusoma. Nilimimina."

Bwana Pinto alikuwa wa kwanza kupumua. "Mmeona? Kampuni iliandika! Iko wazi!"

Syombua akaondoka alipokuwa ameketi, akauchukua mkebe, akaugeuza huku na huku kama mtu anayetafuta tundu.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha kati ya kwato.

"Hii? Hii nilidhani ni nyasi." Akamgeukia Bwana Pinto. "Wewe, uliandikia nani?"

"Niliandikia... Si mimi, mama, ni kampuni. Kwa wanunuzi."

"Mnunuzi ni mimi. Niliona hii mkebe? Nilipewa gazeti."

"Na wewe ulijua?" Mzee Salim akamwuliza Bwana Pinto kwa sauti ya chini. "Ulipokunywa chai yangu, ulijua?"

Bwana Pinto alisema hakujua. Alisema yeye huhesabu mikebe, hasomi. Mpaka leo sina hakika. Lakini niliona anajishika kola, na nikafikiri: huyu pengine ni mimi mwingine, mwenye lori.

Munyoki aliinuka na kikohozi chake. "Mtu akichimba shimo katika njia yangu, halafu anaambia jirani yake wa ng'ambo, mimi hajaniambia. Huyu amechimba, huyu ameambiwa akalala. Wote walipe." Shauri likakatwa kwamba duka litoe mbuzi wanne, kampuni watatu, na mimi dume mmoja wa wazee kwa kuwasumbua. Bwana Pinto alitaka kuandika barua Nairobi kwanza. Akaonyeshwa mahali lori lake lilipokuwa limeegeshwa, na vijana walioketi kwenye matairi yake. Alinunua mbuzi jioni ileile.

Kithitu kilirudishwa kilikotoka, hakuna aliyekigusa. Musyoka alioa mvua ziliponyesha. Hatukualikwa.

Usiku ule Mzee Salim aliniletea chekeche kaunta. "Nilikuwa nachekecha tu," akasema. "Unga ulikuwa unashika mabonge." Nami nikamwambia nimeziona alama za msumari. Tukanywa chai. Hatukuombana msamaha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa bado anamchunguza mwenzake kidogo.

Kuanzia hapo ndipo kazi yangu halisi ilipoanza, na hii ndiyo sehemu ninayotaka mshike. Mkebe wa zamani tuliutoboa matundu chini kwa msumari, na kila mkebe wa dawa ulioisha tuliutoboa vilevile, usije ukapimiwa mtama. Kina mama walitutukana mwaka mzima. Kitu kikabaki katika chombo kilichokuja nacho, hata kama kifuniko kibovu.

Bwana Pinto naye nilimshika siku ya mzigo uliofuata. Nikamwambia hatutapokea kitu bila karatasi juu ya mzigo, inayosema nini kimebadilika tangu safari iliyopita, na kama hakuna, iandikwe hakuna, na atie sahihi yeye.

"Unaniweka kitanzini, karani."

"Mimi nimeshakaa humo. Kuna nafasi ya wawili."

Alitia sahihi. Alianza kusoma mikebe, kwa hofu, na hofu ni mwalimu mzuri. Safari ya tatu alikuja na habari kwamba kampuni iko tayari kufunga unga katika pakiti ndogo za kijiko kimoja, zenye maneno ya Kiswahili na Kikamba, mradi mimi niyaandike maneno hayo. Nilidhani ni hila ya kunitwisha lawama siku nyingine. Huenda ilikuwa hivyo. Nikaandika.

Niliandika vizuri, kama nilivyofunzwa shuleni: nusu kijiko, debe moja la maji. Halafu sikuituma. Nilianza kuzunguka nayo bomani kwa watu. Nilimsomea mtu, kisha nikamwomba anioneshe kwa mikono angefanya nini. Nyumba ya kwanza, mzee akachota nusu debe. Nyumba ya pili, nusu debe. Ya tatu, robo. Nikaenda mpaka kwa Syombua, ambaye hakunikaribisha kiti.

"Nionyeshe debe lako la maji, Mwaitu."

Akanitazama. Akaenda, akachota mpaka katikati, akasimama.

"Hilo si debe moja."

"Debe ni moja. Umeona mbili?"

"Halijajaa."

"Maji tunachota saa tatu kwa mguu, tunachimba mchanga, unataka nijaze debe nioshe mbuzi? Na mimi nikunywe nini, gazeti yako?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Debe kwao lilikuwa chombo, si kipimo. Unga wa zamani ulikuwa dhaifu, ukavumilia nusu ya maji. Ule mpya, kwa nusu ya maji, ulikuwa na nguvu mara nne. Nikaelewa pia kwamba siku ile ya ngozi hakuwa amesema uongo, wala ukweli. Yeye aliona ninaelewa, akakaza uso, tukaachana hapo.

Nikaifuta karatasi yangu. Nikaandika upya kwa kibuyu kile kidogo wanachokiita kitete, ambacho hujazwa kila siku mpaka shingoni kwa sababu ni cha kunywea: kitete kimoja cha maji, na unga kiasi cha kuchota kwa ukucha wa kidole kidogo. Bwana Pinto alipoisoma alinishuku nimelewa. "Ukucha? Niende Nairobi niwaambie ukucha?" Ikabidi nimchukue kwa miguu, na viatu vyake vya mji, mpaka kisimani akaone jinsi maji yanavyopatikana. Aliporudi aliikunja karatasi yangu akaitia mfukoni. Nairobi walitengeneza kijiko kidogo cha bati, ukubwa wa ukucha, kikawekwa ndani ya kila pakiti. Ndicho mnachokitumia hadi leo mkidhani kilibuniwa Ulaya.

Tulifanya hivyo kwa vitu vingi, yeye na mimi, miaka iliyofuata. Aliniletea sampuli kabla ya mzigo. Nilimpa daftari la maswali ambayo wateja waliuliza nami nikashindwa kujibu. Mwanzoni alidhani naandika mashtaka. Nami nilidhani atalitumia kunichongea. Hatukuwahi kuwa marafiki. Nadhani ndiyo maana ilifanya kazi: kila mmoja alisoma alichoandika mwenzake mara mbili.

Mzee Salim alizeeka, akahamia Kitui kwa binti yake, na huko akafa. Duka likachukuliwa na mpwa wake, akaajiri Kilonzo anisaidie. Kilonzo ni mtu mzima, ametembea, anasoma polepole kwa kidole. Mimi umri wangu ulikuwa katikati ya arobaini, na asubuhi moja nilijikuta nimesimama barabarani nikitazama vumbi la lori lililokwenda zamani. Nikajua. Nikaomba kuondoka.

Siku ya kuondoka lori lilikuwa linapakia ngozi, sanduku langu limeshapanda juu. Syombua akaja dukani. Tangu kisa kile hakuwahi kununua dawa kwetu. Alimtuma jirani, au alitoa kupe kwa mkono. Safari hii alitaka pakiti.

"Soma," akaniambia.

Nikamsomea, yote, kwa sauti nzuri. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

"Toka nje."

"Mwaitu?"

"Toka. Huyu mwingine asome, usisikie."

Nikatoka. Nikasimama juani kando ya lori, dereva akipiga honi na mimi nikimwashiria angoje. Kupitia mlangoni nilimwona Kilonzo ameinama, kidole kinatambaa juu ya karatasi. Alikawia. Alikawia kuliko nilivyokawia mimi, nikaanza kumwonea haya.

Syombua akaja mlangoni na pakiti mkononi.

"Yeye amesema kwanza nipee mbuzi maji ya kunywa, ndio nioshe, isije ikakunywa dawa na kiu. Wewe hujasema hiyo."

"Haimo, Mwaitu. Mimi ndiye niliyeandika."

Akaninyooshea pakiti. Mstari ulikuwapo, mpya, chini ya mengine, kwa herufi kubwa za kutosha. Ulikuwa umekuja na mzigo wa mwisho; karatasi ya mabadiliko ilikuwa juu yake, na niliitia sahihi ya kupokea bila kuisoma, nikiwaza barabara.

"Huyu amesoma," Syombua akasema. "Wewe umeimba."

Akarudi ndani, akafungua ncha ya shuka lake, akanunua pakiti mbili kwa Kilonzo. Nikapanda lori.